Mafunda Matatu Wodini

Shida yangu ilianza mwaka wa 1950, nikiwa na miaka kumi na tatu, darasa la pili. Baba alisimama mlangoni mwa darasa letu huko Ronge, kofia mkononi, akamwambia mwalimu kwamba amekuja kuchukua mali yake. Mali yenyewe ilikuwa mimi. Ndugu yangu mkubwa alikuwa darasa la sita, na baba alikuwa ameamua kwamba msomi mmoja anatosha katika nyumba, kama jogoo mmoja anavyotosha. Mbuzi hawakuwa na mchungaji. Nikaweka ubao wangu chini, nikatoka. Mwalimu hata hakunyamaza. Siku hiyo alikuwa anafundisha hesabu ya kutoa, na nadhani alifurahi kupata mfano.

Nasimulia haya kwa sababu wajukuu wangu hupenda kuwaambia watu kwamba babu yao alikuwa daktari. Sikuwa daktari. Nilikuwa dresa, mfunga vidonda, na hata huo udresa niliupata kwa uongo. Lakini niliufanya vizuri, na mtu asije akaniambia vingine.

Nilichunga mbuzi miaka mitatu. Mwaka wa 1953 nikawaachia mlima wao, nikashuka kwa miguu mpaka Voi, nikapata kazi ya kukata mkonge. Niliikata miezi minne. Asiyewahi kuukata haujui ule mwiba wa nchani: ukiingia kiganjani unakaa humo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mwiba wangu ulinipeleka dispensari ya shamba, na sikurudi tena kwenye mistari ya mkonge.

Dresa wa pale alikuwa mzee wa pwani mwenye mikono ya kutetemeka. Alihitaji mtu wa kufagia, wa kuchemsha sindano, na wa kushika wagonjwa waliokuwa wakipiga mateke. Nikafagia, nikachemsha, nikashika. Macho yangu hayakuwa na kazi nyingine, kwa hiyo yakasoma. Baada ya mwaka mmoja nilifunga bandeji kumshinda yeye, niling'oa jino bila kulivunja, na chupa zote nilizijua kwa rangi: maji ya zambarau ya kuoshea vidonda, dawa ya bluu ya kupaka mdomoni, na ile nyeupe, chumvi ya haluli ya kuharisha, ya mtu yeyote aliyelalamika kupita kiasi.

Mzee yule aliporudi kwao, meneja wa shamba, Mzungu mrefu mwenye haraka, aliingia akauliza nani anaijua kazi hii.

"Mimi, bwana."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La sita."

Sikuona kama ni uongo mkubwa. Darasa la sita nililijua vizuri sana, ndugu yangu alikuwa nalo, na tulilala kitanda kimoja. Nikapewa koti jeupe la mifuko miwili, na siku hiyo hiyo wakata mkonge wakaanza kuniita daktari. Sikuwakataza.

Taabu yangu ilikuwa moja tu, daftari. Kila mgonjwa alitakiwa kuandikwa jina lake, namba yake ya kazi na ugonjwa wake. Jina na namba nilinakili kutoka kwenye kipande chake cha kazi, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayechora ng'ombe. Magonjwa niliyoweza kuyaandika bila kunakili yalikuwa matatu: homa, tumbo, kidonda. Basi watu wa shamba lile wakaugua magonjwa matatu kwa miaka miwili na zaidi. Aliyeumwa jicho aliandikwa homa. Aliyeng'olewa jino aliandikwa kidonda. Daktari aliyekuja kwa gari moshi kila Alhamisi kutoka Mombasa alikuwa analifungua daftari, anatikisa kichwa kwa furaha, anamwambia meneja kwamba hajaona shamba lenye afya kama hili.

Mwaka wa 1957 wakatuletea muuguzi, mwanamke.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo wanadhani muuguzi amekuwa mwanamke tangu Adamu. Kwetu wakati ule kuchoma sindano na kushona ngozi zilikuwa kazi za wanaume. Wanawake walionekana kwenye hospitali kubwa wakitandika vitanda, wakizalisha wenzao, na kubeba beseni nyuma ya sista wa Kizungu. Huyu alikuwa binti wa milimani kwetu, miaka ishirini na miwili, amesomea hospitali ya misheni, ana cheti chenye muhuri, mkanda wa bluu kiunoni, na saa ndogo iliyoning'inia kifuani kichwa chini miguu juu. Siku ya kwanza wagonjwa walimwomba uji. Walidhani ni mpishi.

Meneja akasema, "Sista ataongoza wodi. Dresa atamsaidia."

Mimi mwenye koti, nimsaidie binti? Nilimsaidia kama nilivyoweza. Alipouliza pamba iko wapi, nilimwonyesha kwa kidevu. Alipoomba mkasi, nilimpa butu. Na wakata mkonge walikuwa upande wangu. Siku ya tatu alikuja mkataji mmoja mwenye jipu, mtu mzima, watoto watano. Muuguzi akamwambia ashushe suruali achomwe.

"Mimi? Mbele ya mtoto wa watu?" Yule bwana akashika mkanda wake kwa mikono miwili. "Niitieni daktari. Afadhali nife."

"Kufa, mzee wangu," muuguzi akasema, huku akiivuta dawa ndani ya sindano bila kumwangalia. "Lakini maiti pia huvuliwa. Na anayeosha maiti hapa ni mimi. Chagua nikuone leo ukiwa na la kusema, au baadaye ukiwa huna."

Wodi nzima ilicheka. Mkataji akashusha suruali. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona foleni yangu inahama.

Wodi ilikuwa chumba kimoja cha vitanda sita. Mwezi haukuwa umeisha tangu aje, Ijumaa moja asubuhi, lori la mboga kutoka Mwatate likasimama nje, na wanaume wanne wakateremsha machela. Juu ya machela alikuwa baba.

Sikuwa nimemwona kwa miaka minne. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kola.

"Wewe ndiye daktari wanayemsema?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona umekonda?"

Alikuwa na kidonda ndugu kwenye muundi, hapo mbele ya mguu chini ya goti, cha miezi tisa. Alikuwa amekipaka majani, mavi ya ng'ombe na mafuta ya taa, kila dawa aliyoambiwa na kila aliyepita njiani. Harufu ilifika wodini kabla yake. Milimani kulikuwa na hospitali nzuri, karibu kuliko kwangu, lakini aliikataa. Alisema hawezi kuwapa wageni heshima wakati yeye mwenyewe amezaa daktari.

Muuguzi alikiosha kidonda, akakitazama kwa muda, akanivuta kando.

"Dresa, mzee anahitaji penisilini kila siku, kuanzia sasa hivi. Alhamisi daktari akija akikuta mguu uko hivi, atampandisha gari moshi aende akakatwe Mombasa. Na kwa umri ule, sijui kama atarudi."

Baba alikubali kuoshwa. Alikubali uji, blanketi, hata kuinuliwa mguu juu ya gunia lililokunjwa. Lakini alipoiona sindano, aliinua kiganja kama polisi wa barabarani.

"Hiyo hapana. Dawa huingia kwa mtu ambaye njia yake iko wazi. Yangu imezibwa."

"Imezibwa na nini, mzee?" muuguzi akauliza.

"Na hasira. Nilichinja mbuzi, wazee wakaangalia utumbo. Kuna mtu wa damu yangu amenikasirikia, na hasira yake imekaa mguuni. Ndugu zangu wote wamekwisha kutasa. Mke wangu naye ametasa. Kijana wangu mkubwa alikuja na likizo yake ya ualimu, naye akatasa. Amebaki mmoja." Akanielekezea kidevu. "Amevaa koti."

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu: Mtaita akiwa na hasira na ndugu yake, hata kama amenyamaza nayo, hata kama mwenyewe hamtakii mabaya, ile hasira inaweza kumwangusha ndugu yake mgonjwa. Tiba yake ni kutasa. Unatia mdomoni funda la maji au la pombe ya miwa, unalipuliza, unaitaja hasira yako kwa jina, unaiambia itoke, unamtakia mgonjwa uzima. Ndivyo wazee wetu walivyofanya, na ndivyo wengi walivyoendelea kufanya Jumamosi, na Jumapili wakaenda kanisani. Ila kuna sharti: lazima utaje hasira yenyewe. Ukificha, umelowesha watu bure.

Nami nilikuwa nani? Mkristo wa kubatizwa. Dresa. Mtu aliyebandika ukutani kibao cha USITEME MATE, kilichoandikwa na karani, na aliyewafukuza wodini wazee wawili mwezi uliotangulia walipokuja na kibuyu kumpulizia mtoto wao. Niliwaita washenzi. Niliwaambia hii ni hospitali.

"Baba," nikasema, "mimi sina hasira yoyote."

"Basi mimi sina mguu," akajibu, akageukia ukuta.

Kama ningekuwa na hasira ya kawaida ningeitoa palepale tukamaliza. Lakini hasira yangu nilijua ilikuwa wapi na inaitwaje. Ilikuwa mlangoni mwa darasa, na huwezi kuitaja bila kusema darasa lenyewe lilikuwa la ngapi. Wagonjwa wanne kati ya wale wengine watano hawakujua neno la Kitaita. Wa tano alikuwa nyapara wa kikosi cha pili, mtu wa Mwatate, amelala na malaria kitanda cha jirani, masikio mazima. Niliwahi kumnywesha chumvi ya haluli siku mbili mfululizo kwa sababu ya maneno mengi. Na muuguzi mwenyewe alikuwa wa kwetu. Nikisema, koti limekwenda. Nisiposema, mguu umekwenda.

Nataka niwe mkweli: siku ile nililipenda koti.

Jumamosi nilimshauri muuguzi tumkamate kwa nguvu, wanaume wanne na mimi, tumchome.

"Huyu ni mgonjwa," akasema, "si ng'ombe wa kuchanjwa."

Halafu akafanya jambo lililonishangaza kuliko cheti chake. Akavuta sanduku la sabuni kando ya kitanda cha baba, akaketi. Muuguzi, mchana kweupe, ameketi! Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu wa hospitali husimama, na mgonjwa humjibu akiwa amelala. Wakaongea Kitaita, kuhusu mbuzi, kuhusu mvua, kuhusu nani alimwoa nani. Nilifagia chini ya vitanda vile mara tatu ili nisikie. Alipoinuka akanifuata nje.

"Dresa, mzee anataka kutaswa. Umekataa kwa nini?"

"Sista, hapa ni hospitali."

"Najua. Ndiyo sababu nataka apone."

"Na wewe si Mkristo?"

"Nimebatizwa, na baba yangu ni mzee wa kanisa. Lakini sijaona dhambi katika maji yaliyochemshwa." Akaiangalia ile saa yake ya kichwa chini. "Kesho saa nne. Uje umepiga mswaki."

Nilidhani anatania. Jumapili saa nne alikuwa ameweka tayari sufuria ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kikombe kisafi, na maji ya chumvi ya kusukutua. Kidonda alikuwa amekifunika kwa shashi na bandeji mbili.

"Kinywa cha mtu kina uchafu kuliko unavyodhani," akaniambia mbele ya wote. "Sukutua. Tena. Simama upande wa kichwa. Usipulize upande wa mguu. Sawa, endelea na kazi yako."

Katika maisha yangu nimeona mambo, lakini sijaona tena mila ya mababu ikiendeshwa kwa maagizo ya hospitali. Baba aliridhika kabisa. Alisema kwao Ronge hakuna aliyewahi kumtayarishia maji kwa heshima vile.

Usiku kucha nilikuwa nimejitungia hasira nyingine. Nikatia funda, nikapuliza, nikasema kwa sauti nzito, "Baba, kama nilikukasirikia kwa ajili ya yule mbuzi mweusi uliyemchinja bila kuniambia, hasira hiyo na itoke, nawe upone."

Baba akajipangusa uso polepole.

"Mbuzi yupi?"

"Yule mweusi."

"Yule alikufa mwenyewe. Ulikuwepo. Ulikula maini."

Nyapara alicheka mpaka kitanda chake kikasogea. "Daktari," akasema, "hiyo dawa imeharibika, tafuta chupa nyingine!"

"Umenilowesha bure," baba akasema, akageukia ukuta tena. Sindano ikarudi kwenye trei.

Jumatatu asubuhi muuguzi alifungua bandeji, akaniita nishike beseni. Nyama ya pembeni ilikuwa imegeuka nyeusi, na katikati palikuwa na kitu cheupe nilichokijua vizuri, mfupa, maana nilikuwa nimekiona kwa wengine. Nikageuza uso.

"Hapana," akaninong'oneza. "Tazama kama dresa. Ukitazama kama mtoto wake hutaona kitu."

Nikatazama kama dresa, na kama dresa nilijua kwamba Alhamisi haitakuwa na maswali. Mimi nilifunga vidonda vya watu mia wa mbali, na kidonda kimoja cha kwetu nilikuwa nakinyima mafunda matatu ya maji.

"Lete kikombe," nikasema.

"Umesukutua?"

Nikasukutua.

Funda la kwanza nilipuliza, na sauti haikuwa nzito tena. "Baba, ulikuja mlangoni ukanitoa darasa la pili. La pili, baba. Ukamwacha ndugu yangu, na mimi nilikuwa najua kusoma kumshinda alipokuwa kwenye darasa hilo."

Funda la pili. "Nilikukasirikia pale mlangoni, na nimekukasirikia kila asubuhi ninapolifungua daftari hili nikashindwa kuliandika. Niliwaambia hawa watu nimefika la sita. La sita sijaliona hata dirishani."

Funda la tatu. "Hasira ni hiyo, sina nyingine. Itoke. Mguu upone, utembee."

Hata wale wasioelewa lugha walielewa kwamba hakuna mbuzi ndani ya maneno haya. Nyapara alikuwa ameketi wima, amepona malaria hapo hapo.

"Hiyo ndiyo," baba akasema. Akajipangusa uso. "Hiyo ndiyo. Na bado sikukosea. Mbuzi walikuwa kumi na tisa."

Niliombwa msamaha na mtu huyu? Hapana. Sikuupata, wala yeye hakuudai kwangu. Alimgeukia muuguzi.

"Haya binti yangu, lete sindano yako. Inaingia wapi?"

"Makalioni, mzee."

"Basi huyu atoke nje."

Nikatoka. Mwanamume aliyekuja njia yote ile atibiwe na mwanawe alimvulia nguo binti wa watu, na mwanawe akasimama nje na kikombe.

Niliporudi, muuguzi alikuwa anaandika kwenye daftari. Nikamwomba anisomee. Hakukuwa na haja ya kujifanya tena. Akasoma: "Kutasa. Maji yaliyochemshwa, mafunda matatu. Aliyetoa: dresa. Baadaye penisilini, sindano ya kwanza. Mgonjwa amekubali mwenyewe."

"Sista! Daktari ataona hayo."

"Aone. Kinachofanyika wodini huandikwa."

"Na hayo mengine uliyosikia..."

"Hayo nilijua tangu wiki ya kwanza, dresa. Hakuna mahali duniani penye magonjwa matatu." Akafunga kalamu yake. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Umenichosha."

Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi asubuhi: sindano nne. Harufu iliondoka kabla ya weusi. Alhamisi daktari aliingia, akabonyeza, akanusa, akaomba daftari. Akasoma, akasoma tena.

"Kutasa ni dawa gani?"

"Inafungua njia ya sindano, daktari," muuguzi akasema, mikono nyuma, uso kama wa sanamu ya kanisani.

"Mmeitoa wapi?"

"Ronge."

Daktari akautazama mguu tena. Alikuwa amekuja na barua ya hospitali ya Mombasa mfukoni, niliiona kona yake. Akasema atampa juma moja. Juma likawa mawili, na ile barua sikuiona tena. Baba alilala pale wodini wiki saba. Wiki ya tano alikuwa anazunguka wodi na fimbo akiwaambia wakata mkonge waliokataa sindano ya mwanamke kwamba wao ni watoto.

Sasa koti. Nyapara alitoka wodini Ijumaa akiwa mzima, na kituo chake cha kwanza kilikuwa ofisi ya meneja. Jumamosi nikaitwa. Muuguzi aliitwa pia. Meneja akamwuliza kama ni kweli dresa hajasoma.

"Ni kweli, bwana."

Nilimwangalia. Nilikuwa nimefikiri, baada ya yale yote, atanifichia.

"Lakini mkono wake ni mwepesi," akaendelea. "Bandeji yake haifunguki. Na wagonjwa ishirini kwa siku siwezi peke yangu. Ukimwondoa, nitafutie mwingine kama yeye, halafu huyo mwingine naye aanze kunichukia upya."

Meneja hakucheka, Wazungu wa mkonge hawakuwa wa kucheka Jumamosi. Aliamua hivi: koti lirudi stoo, nipewe aproni ya kaki ya mtumishi wa wodi, nifanye kazi chini ya sista, na daftari niandike mbele yake. Nilitaka kuondoka siku ile ile. Baba, kutoka kitandani, akasema mtu aliyetoa hasira Jumatatu asianze nyingine Jumamosi, kwa kuwa yeye bado ana kidonda. Nikabaki.

Nilibaki miezi kumi na minne. Kila asubuhi kabla ya foleni muuguzi alinikalisha na lile daftari. Alikuwa mkali kuliko mwalimu wa Ronge. Nikajua kuandika jipu, surua, pumu, jino, jicho, kichocho, kuungua, kuvunjika. Kila wiki ugonjwa mpya. Daktari akaanza kuja na uso wa wasiwasi. Alimwambia meneja kwamba haelewi, shamba lililokuwa na magonjwa matatu sasa lina kumi na saba, na lazima maji yachunguzwe. Wakayachunguza. Wakajenga tangi jipya na vyoo vya shimo nane. Watoto wa kambini wakaacha kuharisha. Nasema bila aibu: vyoo vile vilijengwa na mtu wa darasa la pili aliyejifunza kuandika.

Wazee wenye vibuyu sikuwafukuza tena. Niliwaelekeza kwenye maji ya kusukutua.

Mwaka wa 1959 muuguzi alihamishwa kwenda kuwafundisha wengine, nami nikaacha kazi kwa hiari yangu, si kwa kufukuzwa, lieleweke. Nikaanza kununua kabeji na nyanya milimani, nikazishusha Voi kwa lori na kuzipakia gari moshi kwenda Mombasa. Vitabu vya biashara niliviandika mwenyewe. Baba aliishi miaka kumi na minane zaidi. Alikuwa anashuka kwa miguu yote miwili kutoka Ronge mpaka barabara kuu, anapanda lori langu, anakuja Voi kuniambia nyanya zangu ni ndogo. Darasa hatukulizungumza tena. Sijui kama hasira ilitoka yote. Nadhani ilitoka ya kutosha mguu mmoja.

Juzi nililazwa siku tatu kwa shinikizo la damu. Muuguzi kijana, mwenye digrii, aliketi kando ya kitanda changu na kompyuta ndogo mapajani, akaniuliza kama kuna jambo linanisumbua moyoni. Akaniambia siku hizi wanafundishwa kumsikiliza mgonjwa, ni mtindo mpya. Nikamwambia ni mzuri, waendelee nao.

Nina miaka themanini na minane. Nina shamba la ekari nne Ronge, lenye ndizi, maharagwe na miti ya makadamia. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vitano, paa la mabati. Nina vyumba sita vya maduka Voi, karibu na soko, na kimoja kinavuja. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, mbuzi wawili, pikipiki moja anayoiendesha mjukuu, na tangi la maji la lita elfu kumi. Nina meno yangu tisa.